FEDHA YA UTAFITI SI FEDHA YETU

Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa tawi letu, Nyalenda, Kisumu



Tumeombwa tueleze habari ya fedha ya serikali ya utafiti wa maji ya visima, ambayo kikundi chetu kilipewa sehemu yake mwaka wa 2024. Wengine walitushauri tuseme mafanikio tu, ili tawi lisiaibike. Tumekataa. Mtu akiwaonyesha wenzake njia, na awaonyeshe na shimo aliloangukia yeye. Sasa vikundi vingine vya wafanya kazi na vya mitaa vinaomba fedha kama ile, na twajua ya kuwa watu wengi hufikiri kazi ngumu ni kuomba. Sivyo. Kuomba ni kazi ya majuma machache. Kazi yenyewe huanza siku ile barua ya kukubaliwa inapofika, watu wakapiga makofi na kunywa soda.

Kwanza tueleze fedha hiyo ni ya namna gani. Nchi yetu ina Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya mwaka wa 2013. Sheria hiyo ndiyo iliyoanzisha Mfuko wa Taifa wa Utafiti, na imeandika ya kuwa kila mwaka Hazina itoe fedha ya kutosha asilimia mbili ya pato lote la nchi iwekwe katika mfuko huo. Kiasi hicho hakijafikiwa, kwa hiyo waombaji ni wengi na fedha ni chache. Fedha nyingine za serikali za utafiti hupitia vyuo vikuu na taasisi, nasi tulipata yetu kwa njia ya chuo kimoja. Mwalimu wa chuo ndiye aliyeshika utafiti wote. Sisi tulipewa kazi ya kuchota maji katika visima 20 vya Nyalenda, mara mbili kila mwezi, na kuyafikisha maabara.

Hatutaki mtu aseme utafiti ni mchezo wa wasomi. Sisi wa ziwani tumeona faida yake. Magugu maji yalipolifunika ziwa katika miaka ya 1990 hata mashua zikashindwa kutoka, wataalamu walifuga wadudu wadogo wanaokula magugu hayo, wakaanza kuwaachilia upande wetu wa ziwa mwaka wa 1997. Baada ya miaka michache magugu yakapungua sana. Baadaye yalirudi tena, nayo ni habari nyingine, lakini lililojulikana lilijulikana kwa sababu kuna watu waliokaa, wakahesabu na kuandika.

Na shida ya visima vya Nyalenda mwaijua. Maji ya chini ya ardhi yako karibu sana. Mtu huchimba kidogo tu, akapata maji. Lakini jirani yake naye huchimba choo, na nafasi kati ya choo na kisima ni hatua chache. Mvua ya masika ikinyesha, maji ya chini hupanda, na vya chooni huenda kukutana na vya kisimani. Shirika la Afya Duniani limeweka kanuni ya kuwa katika mililita 100 za maji ya kunywa kisionekane hata kijidudu kimoja cha aina ile itokayo katika kinyesi. Swali la utafiti wetu lilikuwa hili: maji ya visima vyetu hubadilika kwa kiasi gani kutoka kiangazi mpaka masika? Tafadhali likumbukeni swali hilo, kwa maana mtaona jinsi tulivyoliumiza.

Fungu la kwanza lilikuja Januari 2024, nalo lilikuwa Shs. 114,000/- kwa miezi sita, yaani Shs. 19,000/- kila mwezi. Hesabu ya mwezi mmoja ilikuwa hivi: posho ya wachotaji wanne, Shs. 10,000/-, nauli ya bodaboda ya kupeleka maji maabara, Shs. 4,000/-; chupa na barafu, Shs. 3,500/-, simu na karatasi, Shs. 1,500/-. Barafu si anasa, ndugu zangu. Maji yaliyochotwa yapasa yakae katika baridi, na yafike maabara ikiwezekana kabla ya saa sita kupita. Yakichelewa mpaka kesho yake, vijidudu huongezeka au hufa ndani ya chupa, na hesabu utakayopata ni ya chupa, si ya kisima.

Kosa letu la kwanza lilikuwa dogo kwa kutazama. Hatukufungua akaunti mpya. Tuliiweka fedha ile katika akaunti ya kikundi, pamoja na michango yetu ya kusaidiana. Tulisema, daftari litatenganisha. Ni kweli wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari tulikuwa nalo. Lakini daftari huandika tu, halifungi mlango.

Mwisho wa Machi mwenzetu mmoja wa karakana akafariki. Ameacha mke na watoto wanne, na kwao ni mbali upande wa Siaya. Mwajua desturi zetu: mtu hazikwi ugenini wakati kwao kupo. Ilitakiwa gari, jeneza, na chakula cha watu wa matanga. Mfuko wetu wa kusaidiana ulikuwa mtupu. Fedha ya utafiti iliyobaki wakati ule ilikuwa Shs. 57,000/-. Tulikaa kamati usiku, tukatazamana, tukatoa Shs. 45,000/-. Tulisema ya kuwa tunaazima tu, na mishahara ikiingia tutarudisha kwa makato. Hakuna mtu aliyetia hata senti moja mfukoni mwake. Mwenzetu alizikwa kwa heshima, na mjane alitushukuru.

Zilibaki Shs. 12,000/-, nazo hazikutosha kazi ya mwezi wa Aprili. Tulisema tungoje siku chache. Michango ikachelewa. Ndipo ikaja ile mvua ya mwaka wa 2024, ambayo kila mtu hapa anaikumbuka. Mafuriko yalienea karibu nchi nzima, na watu zaidi ya 200 walikufa. Hapa kwetu maji yaliingia nyumbani mwa watu, yakapita juu ya vyoo, yakaingia visimani, nasi tulikuwa tumekaa bila barafu na bila nauli. Chupa 40 zilizopasa kuchotwa mwezi ule hazikuchotwa hata moja.

Tarehe 4 Mei tulirudisha Shs. 45,000/- zote. Dawa ya deni ni kulipa, nasi tulilipa. Lakini, ndugu wanachama, fedha ilirudi, Aprili haikurudi. Hili ndilo neno tulilokuja kuwaambia leo. Mtu akiazima fedha ya kununua sukari akairudisha, sukari ingali dukani. Lakini fedha ya utafiti imefungwa na wakati wake. Imepewa siku yake, mvua yake na kiangazi chake. Ukiiondoa siku ile umeondoa kazi yenyewe, hata kama utairudisha na faida juu yake.

Mei na Juni tulifanya kazi sawasawa, tukatumia Shs. 38,000/-. Mwisho wa Juni zilibaki Shs. 19,000/- kamili katika akaunti. Ndizo fedha za Aprili, zimekaa pale kama shahidi.

Hapo ndipo lilipokuja jaribu kubwa. Taarifa ya nusu mwaka ilitakiwa iandikwe. Mmoja wetu alisema: “Tuchukue hesabu za Machi na hesabu za Mei, tuzijumlishe, tugawe kwa mbili, tuandike Aprili. Nani atajua?” Wengine waliinamisha vichwa, maana neno lilipendeza. Ndipo binti mmoja wa wale wachotaji, mdogo kuliko sote, akauliza: “Kama Aprili yaweza kujulikana kwa kugawa kwa mbili, serikali imetoa fedha ya nini?” Hakuna aliyemjibu. Tukaacha mstari wa Aprili mtupu.

Tuliandika barua kwa mwalimu wa chuo, tukaeleza yote: kiasi tulichotoa, sababu, siku tuliyorudisha, na kazi iliyopotea. Pamoja na barua tulirudisha zile Shs. 19,000/-. Jibu lake halikuwa tamu. Fungu la pili lilizuiliwa mpaka Septemba, na tukapewa masharti: akaunti ya peke yake, sahihi za watu watatu, na nakala ya daftari ipelekwe chuoni kila mwezi. Tuliona ugumu, lakini hatukuona dhuluma. Kama tungalificha, ukaguzi ungalitukuta, na pamoja nasi angalianguka yule mwalimu aliyetuamini.

Maana fedha hii ina macho mengi juu yake. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, kifungu cha 201, yasema fedha ya umma itumiwe kwa busara na kwa uangalifu, na kwa uwazi. Kifungu cha 226 chasema ya kuwa mwenye cheo cha serikali akiidhinisha fedha ya umma itumiwe kinyume cha sheria, hasara ni juu yake, hata kama ameacha kazi ile. Kifungu cha 229 kimempa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu miezi sita baada ya kila mwaka wa serikali, unaokwisha tarehe 30 Juni, ili akague na kutoa taarifa. Mtu asidhani ya kuwa fedha ikitoka chuoni ikaja mtaani imetoka katika macho ya sheria.

Sasa twataka kuwapa maneno ya kazi, ili vikundi vingine visipite pale tulipopita sisi.

Kwanza, someni hati ya makubaliano yote kabla ya kutia sahihi, tangu karatasi ya kwanza mpaka ya mwisho, na someni kwa sauti mbele ya kamati. Kama iko kwa Kiingereza kigumu, mtafuteni mtu awaeleze. Andikeni katika kalenda ya ukutani kila siku ya taarifa na kila siku ya hesabu.

Pili, fungueni akaunti ya peke yake. Fedha mbili zikilala kitanda kimoja, asubuhi hamtajua blanketi ni la nani. Na anayetia sahihi hundi asiwe yeye anayeandika daftari.

Tatu, andikeni siku ile ile. Kila shilingi itokayo na iwe na vocha na risiti. Bodaboda hana risiti, basi andikeni katika karatasi tarehe, safari na kiasi, naye atie sahihi au alama ya kidole. Msingoje mwisho wa mwezi mkaanza kukumbuka.

Nne, kila fedha na ibaki katika kazi iliyoandikiwa. Kama bei ya barafu imepanda, au mwataka kupunguza nauli mkaongeza chupa, andikeni barua ya kuomba ruhusa kabla, si baada. Kadhalika na muda. Mkiona kazi haitakwisha kwa siku iliyowekwa, ombeni mapema mwongezewe muda pasipo kuongezewa fedha. Sisi tuliomba, tukakubaliwa, nasi tukamaliza fungu la pili mwisho wa Februari 2025. Mwenye kuomba kabla ya siku kwisha husikilizwa; mwenye kuomba baada ya siku kwisha hujitetea.

Tano, vyombo viandikwe. Sanduku la barafu, kipima joto, mizani, simu, kila kimoja kiwe na namba yake katika daftari la vyombo, na jina la anayekishika. Chombo cha utafiti si zawadi ya katibu.

Sita, majina ya watu na habari za visima vyao ni amana pia. Watu wengi husahau jambo hili. Utafiti katika nchi yetu wahitaji kibali cha tume iitwayo NACOSTI, na ule unaohusu watu hupitishwa kwanza na kamati ya maadili. Tena kuna Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka wa 2019. Mama akikuruhusu uchote maji kwake, amekuruhusu hilo tu. Hakukuruhusu ukatangaze sokoni ya kuwa kisima cha fulani ni kichafu, akose wateja wa maji.

Saba, na hili twalisema kwa sauti kubwa: msiazime. Msiazime hata kwa msiba. Tuna haki ya kuzikana kwa heshima, lakini haki hiyo tuiwekee fedha yake. Tangu Juni 2024 kila mwanachama hapa hutoa Shs. 100/- kwa mwezi kwa mfuko wa msiba, na mfuko huo una akaunti yake. Tungalifanya hivyo mapema, marehemu angalizikwa vile vile, na Aprili ingalipatikana.

Ndugu zangu, sisi ni watu wa reli. Zamani katika njia ya reli moja, dereva hakuondoka stesheni mpaka amepewa tokeni mkononi. Tokeni ile haikuwa mali yake. Ilikuwa ruhusa ya kupita kipande kile tu, na akifika stesheni ya mbele aliitoa. Asipoitoa, gari la nyuma halina ruhusa, na njia yote imesimama. Fedha ya utafiti ni kama tokeni. Kikundi kisichorudisha hesabu hakijifungii njia peke yake. Kimewafungia na wa Manyatta, wa Obunga, na wote wanaongoja nyuma yake.

Lakini hesabu hiyo yatolewa kwa nani? Wakati wa ukoloni pia fedha ya utafiti ilikuwako. Sheria ya Waingereza ya mwaka wa 1940 ya maendeleo ya makoloni iliruhusu mpaka pauni 500,000 kwa mwaka kwa ajili ya utafiti. Hesabu ya fedha ile ilitolewa London. Mtu wa ziwani aliyepimwa damu yake au samaki wake hakuwa miongoni mwa walioulizwa. Sisi twafikiri ya kuwa siku hizi mwenye kutoa fedha ni mmoja, lakini wenye kudai hesabu ni wawili. Serikali yadai hesabu ya shilingi. Nyalenda yadai hesabu ya majibu.

Kwa hiyo kazi ilipokwisha tuliomba baraza, tukasoma majibu ya jumla mbele ya watu wote, na kila mwenye kisima akapewa karatasi yake mkononi, peke yake. Tulieleza habari ya kuchemsha maji ya kunywa na kutia dawa. Watu walisikiliza vizuri. Kisha mama mmoja mzee akasimama, karatasi mkononi, akatuuliza: “Wanangu, hapa naona Machi, naona Mei. Aprili iko wapi? Maji yalipoingia nyumbani kwangu, mjukuu wangu aliharisha juma zima. Nilitaka kujua kama ni kisima.”

Tulimwambia kweli. Tulimwambia ya kuwa hatujui, na ya kuwa hatujui kwa sababu ya kosa letu, wala si kwa sababu ya mvua. Alitutazama kitambo. Akasema, “Basi masika mengine mje.” Akakaa. Mkaguzi wa hesabu wa chuo alitutia hofu, lakini yule mama alitutia haya, na haya yametufundisha zaidi.

Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa habari ya wakili aliyeitwa na bwana wake atoe hesabu. Wakati ule tulidhani bwana ni tajiri aliyevaa joho. Leo twajua ya kuwa bwana aweza kuwa mama mzee wa Nyalenda, ameshika karatasi yenye mstari mmoja mtupu.

Tumeomba tena fedha. Hatujui kama tutapewa. Tukipewa, akaunti iko tayari, daftari liko tayari, na mfuko wa msiba uko mbali nayo. Na masika yakija, fedha ikiwapo, kisima cha kwanza kuchotwa kitakuwa cha mama yule.

 Umoja ni nguvu.